Wamepaka X nyekundu kwa ukuta na sina taito, niko na haki gani?

Swali: Habari wakili. Mimi ni mama wa Obunga hapa Kisumu, nauza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki. Mama mkwe wangu alijenga hapa 1989, mimi nikaolewa hapa 2003. Ni vyumba vinne vya udongo na mabati, viwili naishi na watoto pamoja na mama mkwe ambaye sasa ana miaka 76, viwili nimepangisha. Wiki iliyopita watu walikuja na rangi wakapaka X nyekundu laini yetu yote, alafu karatasi ikabandikwa kwa mlango wa kanisa ati tumekaa kwa ardhi ya serikali tuhame kwa siku 14. Taito hatujawahi kuwa nayo. Mheshimiwa wetu anasema tutulie ataongea na wakubwa, loya mmoja ametaka elfu themanini ndio aanze, na kuna majirani washaanza kung'oa mabati. Tuko na haki ama tunajidanganya?

Jibu: Mama, using'oe mabati bado. Na hao majirani waambie wapumzike kidogo, juu nyumba ikishang'olewa na mwenyewe koti haibaki na kitu ya kulinda, na wale wa upande ule watasimama mbele ya jaji waseme watu walitoka kwa hiari yao. Nimeona hiyo ikifanyika. Watu nusu ya mtaa walihama na hofu usiku, na hao ndio walitumiwa kuwamaliza wale nusu walibaki.

Haki mko nayo, na si ya kuombwa kama unga wa msaada. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 imesema kila mtu ako na haki ya nyumba ya kufaa na usafi, maji safi, chakula, matibabu, elimu na hifadhi ya jamii. Imesema kila mtu, haijasema kila mwenye taito. Lakini hiyo ya 43 ni kubwa na ni pana, ukienda nayo peke yake utaambiwa serikali inatekeleza polepole kulingana na pesa iko (hata hapo kifungu cha 20 kinasema ni serikali ndio inafaa kuthibitisha haina pesa, si wewe uthibitishe iko nayo). Kwa shida yako ya wiki hii kuna kitu kidogo zaidi lakini chenye meno, nayo ni notisi.

Sheria ya Ardhi ilirekebishwa 2016 ikaongezwa vifungu vya 152A mpaka 152I, na hivyo vyote ni vya kufurusha watu. Kama ardhi ni ya umma, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndio inafaa kuhakikisha uamuzi wa kuwatoa umewafikia wote kwa maandishi, umechapishwa kwa Gazeti Rasmi la serikali na kwa gazeti moja linalouzwa nchi nzima, na umetangazwa kwa redio, pale inafaa kwa lugha ya wenyeji, ambayo hapo kwenu ni Dholuo. Na hiyo yote miezi mitatu kabla ya kubomoa. Miezi mitatu mama, si siku 14. Sasa karatasi ya mlango wa kanisa imetoka kwa nani, iko na sahihi ya nani, inataja namba gani ya ploti? Ipige picha leo, na X pia zipige picha na nyumba ionekane, alafu uitumie mtu mwingine hizo picha ndio simu ikipotea zisipotee nayo.

Kabla hatujaenda mbali lazima nikuulize swali moja ambalo watu wa Kisumu wengi hawajiulizi: nani kasema hiyo ni ardhi ya serikali? Hapa kwetu si kama Nairobi. Nyalenda, Manyatta na sehemu nyingi za huo mkanda wa mitaa unaozunguka mji zilikuwa nje ya mpaka wa manispaa, zilikuwa mashamba ya watu, na ni mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka ulipopanuliwa zikaingizwa mjini. Ndio maana unapata mtaa unaitwa slamu lakini chini yake kuna familia iko na taito ya babu yao. Kule Nakuru pia ni hivyo kwa njia yake, Rhonda na Kaptembwo sehemu kubwa ilikuwa mashamba yaliyonunuliwa na kampuni za wanahisa. Kwa hivyo mtu akikuja na rangi na akasema serikali, unaweza kuta ni serikali kweli, unaweza kuta ni mtu binafsi amepata karatasi juzi, na unaweza kuta ni kipande tu cha barabara ama reli ama laini ya stima na nyumba yako imegusa kona. Namba ya ploti ikipatikana pelekeni kwa ofisi ya ardhi hapo mjini mfanye sachi. Nimeshaona watu wakipigana na shirika moja la serikali miaka miwili kumbe jina kwa rejista ni la mtu mwingine kabisa.

Hii si kusumbuana bure, inabadilisha kesi yote. Ardhi ikiwa ya mtu binafsi na mmekaa miaka 12 bila ruhusa yake, bila kufichana na bila yeye kuwatoa, kuna njia ya kuomba koti iwatambue kama wenyewe. Mama mkwe wako na 1989 yake hapo angekuwa na kesi nzuri sana. Ikiwa ya umma hiyo njia imefungwa, sheria ya muda wa madai inasema wazi haifanyi kazi kwa ardhi ya serikali, ata ukae miaka mia. Loya akikuahidi taito ya ardhi ya umma kwa sababu mmekaa sana, huyo chukua mkoba wako utoke.

Lakini ata ikiwa ya umma bado hamjaisha, na hapa ndio nataka usome polepole. Kulikuwa na kijiji kinaitwa Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi. Septemba 2011 wakapewa notisi kwa gazeti, siku 7. Wakakimbia koti wakapata oda ya kuzuia mwezi wa Novemba, na siku chache tu baada ya hiyo oda tingatinga likapita bado, na shule ya watoto ikaenda nayo. Familia zaidi ya 3,000. Chama chao kinaitwa Mitu-Bell Welfare Society, na hawakuachilia. 2013 wakashinda Mahakama Kuu, 2016 wakashindwa Mahakama ya Rufaa, na 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Ilichosema ni hivi kwa maneno yangu: watu wasio na ardhi wakikaa kwa ardhi ya umma muda mrefu wakajenga makao na kulea familia hapo, hawapati umiliki, lakini wanapata haki ya makao ambayo koti lazima iilinde. Serikali haiwezi kuwatoa kama takataka, na koti inaweza kuamuru wapewe fidia, notisi ya maana, ama mahali pengine pa kwenda.

Watu husikia hiyo hadithi wakapiga makofi, mimi hainifurahishi sana. Angalia miaka. Nyumba zilianguka 2011, ushindi ukakuja 2021, na ata hapo Mahakama ya Juu iliirudisha kesi Mahakama Kuu ndio ipange hasa watu wanapata nini. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kwa ile shule ilibomolewa alikuwa tayari amefika sekondari. Kule Afrika Kusini kuna mama anaitwa Irene Grootboom, kesi yake ya nyumba ya mwaka wa 2000 inafundishwa kwa vyuo dunia nzima, na alikufa 2008 akiwa bado anaishi kwa kibanda. Kwa hivyo ukiniuliza mimi, kesi nzuri ya kufurushwa ni ile inafika koti wakati nyumba bado imesimama. Ikishalala tunaongea pesa, na pesa huchelewa.

Sasa na hii ndio kazi yenu ya hizi siku chache. Itisheni mkutano laini yote, msikutane kwa nyumba ya mheshimiwa, kutaneni kanisani pale karatasi ilibandikwa. Chukueni daftari, counter book ya kawaida, muandike kila nyumba: nani anaishi, wangapi, watoto wangapi na wanasoma wapi, mzee ama mgonjwa ama mwenye ulemavu yuko, alikuja mwaka gani, na yeye ni mwenye nyumba ama ni mpangaji. Kila mtu aweke sahihi na namba ya kitambulisho. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakaaji wa mitaa ya mabanda, wamekuwa wakifanya hii kazi ya kuhesabu mitaa kwa miaka mingi, kama kuna mtu wao hapo karibu mtafuteni awaonyeshe, wao wanajua mpaka kuchora ramani.

Alafu makaratasi. Najua utaniambia hatuna makaratasi wakili. Mko nayo ila hamyaiti makaratasi. Kadi ya kliniki ya mtoto wako wa kwanza yenye imeandikwa Obunga. Risiti za tokeni za stima. Risiti ya maji. Barua ya chifu mlipewa mkienda kuchukua kitambulisho. Ripoti ya shule. Programu ya mazishi ya baba mkwe, ile imeandikwa mwili utalala nyumbani kwake Obunga kabla ya kupelekwa dala, yaani boma la ushago, na tarehe iko. Picha ya harusi na nyumba iko nyuma. Kuna kesi moja tuliwahi kuwa nayo ambapo kitu kilitusaidia zaidi kilikuwa daftari ya mama wa kiosk ya maji, alikuwa anaandika nani amechukua mitungi mingapi ya deni, miaka kumi na moja, majina na tarehe. Wakili wa upande ule aliicheka, jaji hakucheka. Kukaa muda mrefu ndio msingi wa haki yenu kulingana na ile kesi ya 2021, na muda hauonekani kwa macho, lazima mtu auonyeshe kwa karatasi. Mkingoja tingatinga lifike, hizo kadi zote zitakuwa chini ya udongo.

Siku hiyo hiyo muandike barua. Moja kwa hiyo ofisi inayosema ardhi ni yake, nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa OCS, mkuu wa kituo chenu cha polisi. Ulizeni vitu vinne tu: namba ya ploti, notisi ya Gazeti Rasmi, nani aliidhinisha, na mpango wa kuhamisha watu uko wapi. Kuna sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu, na kama jambo linahusu uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Wakinyamaza mnapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume ya kushughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Msitegemee sana watajibu, mimi sitegemei, lakini kunyamaza kwao kunakuwa ushahidi. Mhakikishe nakala yenu imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, bila muhuri ni kama hamkuandika.

Kuhusu huyo loya wa elfu themanini, sitamsema vibaya, kazi ni kazi na mafuta ya gari hayaji bure. Lakini mjue hivi: kifungu cha 22 cha katiba kinasema kesi ya haki za msingi hailipishwi ada ya kuanzisha, na mtu anaweza kushtaki kwa niaba ya kundi zima. Sheria za utaratibu za 2013 zinakubali ata barua ya kawaida bora ieleze haki gani imevunjwa. Hiyo haimaanishi muende bila wakili, koti ya ardhi si mahali pa kujaribu bahati, na mkipeleka kwa koti isiyofaa mtapoteza wiki mbili ambazo hamna. Kesi kama yenu huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hapa Kisumu iko. Kabla mchange hiyo elfu themanini pitieni kwanza ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria, pitieni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ambayo ina ofisi hapa mjini, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, pia wako Kisumu na nyinyi wengi hapo ni akina mama na wajane. Muende watano sita na daftari mkononi, si mtu mmoja na machozi. Ukienda na daftari unachukuliwa kama mteja, bila daftari unaambiwa pole na urudi Alhamisi.

Kitu mtaomba koti kwanza ni oda ya kuzuia kubomoa mpaka kesi isikizwe. Ikitoka chapisheni nakala nyingi, mpeleke kwa OCS mkono kwa mkono, mbandike kwa miti, kila nyumba iwe na moja. Wale wa Mitumba walikuwa na oda na walibomolewa, ndio, lakini kuvunja oda ya koti ni kosa lingine juu ya lile la kwanza.

Mheshimiwa sasa. Aongee na wakubwa, hakuna ubaya, na akipata kitu kizuri tutashukuru. Ila neno lake lisiwe ndio limesimamisha kila kitu, juu hiyo "tulieni" nimeisikia mitaa mingi na siku ya tingatinga simu yake huwa mteja hapatikani kwa sasa. Mwambieni aiweke kwa barua yenye letterhead. Akikubali mko na ushahidi mwingine, akikataa mmejua.

Wapangaji wako hujauliza lakini nitakuambia. Andika majina yao kwa daftari ya kwanza kabisa, usiwafiche ukidhani fidia itapungua. Hii ndio ugonjwa wa mitaa yetu, wenye nyumba wanajihesabu wao tu, wapangaji wanaona hakuna chao hapo, siku ya siku wanabeba godoro wanaenda na mtaa unabaki na watu kumi wa kupigania ploti hamsini. Haki ya makao ni ya yule analala ndani. Mpangaji wako anaenda koti kwa haki yake kama wewe, na wakiwa wengi kesi inakuwa nzito. Deposit yao pia ikae tayari, mambo ikienda vibaya hiyo ni deni yako, si ya serikali.

Mama mkwe naye ana kifungu chake, cha 57, cha wazee, na watoto wako na cha 53 ambacho kimetaja makao kwa jina. Kwa sheria ya kufurusha, wazee, watoto, akina mama na wenye ulemavu wanafaa kuwekewa mpango maalum, kwa hivyo kwa barua yenu mumtaje kwa umri na ugonjwa kama ako nao. Kama anakunywa dawa ya presha ama sukari, dawa na kadi ya hospitali zikae kwa begi moja karibu na mlango kuanzia leo.

Na nikwambie ukweli wa mwisho kuhusu kesi yenyewe, juu sitaki uje kunilaumu. Kama ardhi kweli ni ya umma na serikali iko na mradi wa maana hapo, kuna uwezekano mkubwa mtatoka. Mnachopigania ni kutoka vipi: kwa miezi mitatu na si siku 14, mchana, watoto wakiwa wamemaliza muhula, mkijua mnaenda wapi na mkiwa na kitu mfukoni. Kuna wenye wataona hiyo ni kidogo. Muulize mtu aliyewahi kuamshwa na tingatinga na mvua inanyesha kama hiyo ni kidogo.

Wakija kabla ya yote haya, sheria ile ile kifungu cha 152G inasema lazima wajitambulishe, waonyeshe idhini rasmi, maofisa wa serikali wawepo, nguvu isipite kiasi, mali iliyobaki ilindwe, na nyinyi mpewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa vitu vyenu. Ulizeni hizo karatasi kwa sauti ya kawaida, mmoja anaongea, wawili wanarekodi na simu kutoka mbali kidogo. Vijana msiwaache warushe mawe, tafadhali, jiwe moja na stori inabadilika kuwa ya wahuni na polisi. Andikeni namba za magari. Alafu moja kwa moja kituoni muandikishe OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kila familia na yake, mtaje vitu vilivyoharibika kimoja kimoja, mpaka sufuria na ile meza ya samaki, na msitoke bila namba ya OB.

Daftari ikiwa tayari niandikie, nitaisoma kabla mpeleke popote. Na uniambie ile karatasi ya kanisa ilikuwa na muhuri gani.